Maziwa Hayaondoi Zinki



Naomba nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu likizo ya Juni.

Mjomba wangu ni fundi wa kuchomelea hapa Manyamanyama. Siku moja aliletewa pikapu ambayo chesisi yake ilikuwa imeliwa na kutu upande wa nyuma. Akakata sehemu mbovu, akaweka kiraka cha chuma chenye zinki, akachomelea juu kwa juu, maana mwenye gari alikuwa akimhimiza awahi Mwanza. Moshi mweupe ukapanda kama unga. Usiku ule mjomba alitetemeka chini ya mablanketi mawili, akisikia ladha ya chuma mdomoni. Sote tukasema ni malaria, kwani huku kwetu kila homa huitwa hivyo. Asubuhi akapimwa, hana vijidudu. Kesho yake alikuwa mzima.

Mafundi wengi wanaijua homa hii, na dawa yao ni kunywa maziwa kabla ya kazi. Kwa heshima zote za wazee wetu, nasema hilo ni kosa. Maziwa huenda tumboni, moshi huenda mapafuni. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za sentigredi, bali chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1500. Basi kabla chuma hakijayeyuka, zinki imekwisha kuwa mvuke na fundi anauvuta. Mvuke huo huo huacha vitundu ndani ya mshono ukaudhoofisha. Kiraka cha pikapu ile kilipasuka kabla ya wiki mbili kwisha, na mwenyewe akarudi na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Yafaa zinki au rangi iondolewe kwanza kwa grenda, upana wa inchi moja au zaidi kila upande wa mshono, na nyuma ya bati pia, kwa kuwa joto hupenya. Rangi ya zamani huweza kuwa na risasi, kwa hiyo hata vumbi lake lisivutwe. Kazi ifanyike mahali penye upepo.

Wenzangu wa maabara watasema tutumie asidi ya haidrokloriki. Kweli huila zinki, walakini hutoa haidrojeni, nayo huwaka; isisogezwe karibu na cheche.

Mjomba alinijibu, "Mjomba, ukikwangua zinki umekaribisha kutu." Hapo alisema kweli. Ndiyo sababu mshono ukipoa yapasa upakwe rangi yenye zinki, ndani na nje. Gharama ipo, lakini jiwe la grenda na kopo la rangi si ghali kama kuchomelea mara mbili, na fundi aliyelala kitandani hapati kitu.

Siku hizi mjomba husugua kwanza. Maziwa bado anakunywa, wala simkatazi, maana ng'ombe ni wake.

Mwanafunzi, Kidato cha IV