KENGELE ISIYOLIA NI UONGO UKUTANI

Ndugu wafanyakazi,

Sisi wa reli twajua maana ya mnyororo wa hatari ndani ya behewa. Abiria akiuvuta, breki hushika na gari husimama. Wapo wanaouvuta kwa mchezo, nao hutozwa faini. Lakini sijasikia bwana mkubwa akisema, basi mnyororo ukatwe.

Sasa sikieni. Nilikwenda kumwamkia mzee wetu mmoja, dereva wa gari la moshi aliyestaafu, katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa ameanguka chooni saa 8 za usiku, akaokotwa saa 12 kulipopambazuka. Kengele ilikuwapo, ukutani juu ya kitanda. Yeye alikuwa sakafuni. Nikamwuliza msimamizi. Akajibu kwamba wazee hupiga kengele ovyo, na nyingine zimeng'olewa waya ili watu walale.

Jibu hilo ni aibu! Mzee anayeita mara kumi ana haja mara kumi: maji, choo, maumivu, au hofu ya giza. Akilala sakafuni saa nyingi baridi humshika, ngozi iliyolaliwa huoza, na misuli iliyobanwa huweza kuharibu figo. Pengine si kuanguka kunakomwua, ni kungoja.

Wengine watamlaumu mhudumu wa usiku. Mimi simlaumu. Alikuwa peke yake zamu nzima, wazee vyumba vyote, mshahara wa kununua unga tu. Mwenye kosa ni yule aliyempanga peke yake. Naye ni mfanyakazi mwenzetu.

Husema fedha hakuna. Je, kamba ndefu ifikayo sakafuni chooni ni bei gani? Kujaribu kila kengele jioni, kama tunavyojaribu breki kabla gari halijaondoka, ni bei gani? Kuandika kitabuni saa iliyolia na saa iliyoitikiwa, ni bei gani?

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yataka wazee waishi kwa heshima, wasiteswe, wapate matunzo ya jamaa zao na ya Serikali. Hiyo si sadaka, ni haki.

Naomba tawi letu lipeleke wajumbe katika nyumba wanamolala wastaafu wetu, wakaulize maneno matatu: Kengele yafikiwa? Yalia? Nani huitikia usiku, nao ni wangapi?

Leo ni wao, kesho ni sisi. Umoja ni nguvu!

Mimi,
Mfanyakazi wa Reli