Memori kadi ya bibi

Mzazi mwenzangu, wiki iliyopita nusura nilie. Nilinakili video za mahafali ya chekechea ya mwanangu kwenye memori kadi ya simu ya bibi yake. Kompyuta yetu ya nyumbani ni kuukuu, tumeiwekea Ubuntu. Mstari wa kunakili ukajaa, nikachomoa kadi, baba yake akaondoka nayo.

Jioni bibi akapiga: simu inasema kadi imeharibika, ifomatiwe. Nikamwambia, "Mama, usikubali!" Kufomati kungefuta hata picha za marehemu babu.

Kosa lilikuwa langu. Linux hupokea mafaili kwanza kwenye RAM, kisha huyaandika kwenye kadi taratibu, hata baada ya kioo kuonyesha kazi imekwisha. Ukichomoa mapema, mengine hayafiki, na mpangilio wa kadi nzima unaweza kuvurugika. Kabla ya kuchomoa, bonyeza ile pembetatu yenye mstari chini, kando ya jina la kadi, usubiri mpaka uambiwe unaweza kuitoa. Video kubwa huchukua dakika kadhaa. Watoto wakae mbali.

Kadi iliporudi haikufunguka yenyewe. Nikafungua programu iitwayo Disks, nikaichagua, nikabonyeza alama ya kucheza, ikafunguka. Nikanakili kwanza picha za babu, zote zilikuwepo, ndipo nikairekebisha kadi humo humo.

Za mahafali hazikupotea, kwa kuwa nilinakili, sikuhamisha. Jumamosi kadi inarudi kwa bibi.