Mzazi, tarehe ya dogo ni ya kweli?

Zamani mzazi wa Kitanzania alikuwa beki mgumu kuliko wote. Dogo akirudi jioni na vumbi magotini, fimbo inamsubiri mlangoni, viatu vinafichwa juu ya kabati. Siku hizi mambo yamegeuka. Tangu Mbwana Samatta atoke Mbagala hadi kufika Genk mwaka 2016, kisha Aston Villa mwaka 2020, wazazi wameona mpira nao ni kazi. Sasa wanalipa ada za akademi, wananunua njumu, na wengine wanasimama pembeni ya uwanja wakimfokea kocha kwa nini mtoto wao yuko benchi.

Kelele hizo zinavumilika. Balaa lipo kwenye cheti cha kuzaliwa.

Ikitokea skendo ya umri, lawama zinakwenda kwa makocha na TFF, na mara nyingi wanastahili. Ila tarehe ya kuzaliwa inaanzia nyumbani. Kocha akisema dogo apunguzwe miaka miwili ili apate timu, mama na baba wanajua ukweli, na wakinyamaza ndo wameshakubali.

Tanzania inaujua uchungu huu. Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za U17 mwaka 2005 kule Gambia, wakaondolewa kwa kumchezesha mchezaji aliyezidi umri. Kikosi kizima kikabaki nyumbani kwa tarehe ya mtu mmoja.

Mwaka 2019, fainali hizo zilipofanyika Dar es Salaam, Guinea walifika hadi mechi ya mwisho wakafungwa na Cameroon kwa penalti. Baadaye ikabainika tarehe za wachezaji wao wawili hazilingani na zile zilizotumika kwenye mashindano ya nyuma huko Japan. Tiketi ya Kombe la Dunia ikaenda Senegal.

Na siku hizi karatasi peke yake haitoshi. Tangu 2009 FIFA inapima kifundo cha mkono kwa MRI kwenye Kombe la Dunia la U17, na CAF nayo inapima. Mfupa haujui kuongopa.

Hata asipokamatwa, hesabu inamgomea. Dogo wa miaka 19 akicheza na wa 16 anaonekana Pele. Akipanda timu ya wakubwa, misuli iliyokuwa inambeba kila mtu anayo. Anayeumia zaidi ni yule wa miaka 16 ya kweli, aliyekosa namba kwa sababu wazazi wake walisema ukweli.

Kuna saini pia. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 asaini mkataba wa kulipwa wa zaidi ya miaka mitatu, wala kuhamia klabu ya nje ya nchi, isipokuwa kwa sababu chache. Wakala naye lazima apate idhini ya maandishi ya mzazi kabla ya kumfuata mtoto.

Kwa hiyo anayekuja nyumbani na stori za majaribio Ulaya kwa dogo wa miaka 15, halafu anaanza kuomba hela ya pasipoti na viza, aulizwe kwanza leseni yake ya FIFA iko wapi.