MLANGO WA KORTI NA WATU WA RELI WA AUSTRALIA

Ndugu wanachama,

Katika mkutano uliopita wa tawi letu, tulipofika habari ya kesi yetu ya posho ya nyumba, ndugu mmoja alisimama akataka kesi iondolewe kortini. Alisema, "Kesi ya nyani, hakimu ngedere," na wengi wakapiga makofi. Sisi tunaoandika maneno haya hatukupiga makofi, wala hatumdharau ndugu yetu. Aliyoyasema yana kweli ndani yake. Lakini hayamalizi habari, na ndiyo maana tumeona vema kuwaeleza yaliyowapata watu wa reli wa nchi ya Australia, ambao walifungiwa mlango wa korti kwa miaka kumi na minne, kisha wakaingia.

Kwanza tueleze jinsi korti za huko zilivyopangwa. Australia ni muungano wa majimbo sita uliofanyika tarehe 1 Januari 1901. Kila jimbo lina korti zake: chini wako mahakimu wa kesi ndogo, na juu iko korti kubwa ya jimbo. Serikali Kuu nayo ina korti zake. Juu ya zote iko Korti Kuu ya Australia, iliyoanza kazi mwaka 1903. Msiifikirie kuwa ni kama Korti Kuu yetu hapa Kenya, ambayo juu yake ziko nyingine mbili. Yao ndiyo ya mwisho. Zamani mtu aliyeshindwa aliweza kupeleka rufani London, lakini njia ya mwisho ya namna hiyo ilifungwa mwaka 1986. Majaji wake leo ni saba. Huchaguliwa na serikali, na tangu wananchi walipopiga kura mwaka 1977, jaji hustaafu akifika miaka 70. Kazi yake kubwa ni kuisoma Katiba na kusema: sheria hii Bunge lilikuwa na uwezo wa kuitunga, au halikuwa nao.

Sasa habari yenyewe. Katika miaka ya 1890 ilitokea huko migomo mikubwa ya mabaharia, watu wa bandari na wakata manyoya ya kondoo, na wafanya kazi walishindwa vibaya. Kwa hivyo Katiba ililipa Bunge la Serikali Kuu uwezo wa kutunga sheria ya kupatanisha na kuamua ugomvi wa kazi unaovuka mpaka wa jimbo moja. Watu wa reli walikuwa na haja kubwa na jambo hilo. Reli zilikuwa mali ya majimbo, na mwajiri wao alikuwa serikali yenyewe. Mwezi wa Mei 1903 madereva na watia makaa wa jimbo la Victoria waligoma, kwa sababu serikali ya jimbo iliwaamuru watoke katika baraza la vyama vya wafanya kazi la Melbourne. Mgomo ulikwisha baada ya juma moja hivi, nao wakashindwa.

Bungeni ukaja mzozo: je, sheria mpya iwaguse watumishi wa majimbo, watu wa reli wakiwamo, au isiwaguse? Kwa neno hilo serikali ya Alfred Deakin ilianguka mwezi wa Aprili 1904. Mwishowe sheria ilipita mwezi wa Desemba mwaka ule ule, na reli za majimbo zilitajwa ndani yake waziwazi. Korti ya Upatanishi na Usuluhishi ikaundwa. Lakini mwaka 1906 Korti Kuu ilisema kwamba Bunge la Serikali Kuu haliwezi kuingiza mkono katika vyombo vya serikali ya jimbo, na reli ni chombo cha namna hiyo. Basi baharia aliweza kuingia, mkata manyoya aliweza kuingia, lakini mtu wa reli alibaki nje.

Ndugu, kama ni sisi, tungesemaje siku ile? Tungesema yale yale ya nyani na ngedere. Na hapo mambo yangekwisha.

Lakini vyama havikuacha kupeleka kesi. Mwaka 1920 chama cha mafundi wa mitambo kilidai haki juu ya waajiri zaidi ya 800 wa nchi nzima, na kati yao vilikuwamo viwanda vya serikali ya jimbo la Western Australia. Wakili wa chama alikuwa kijana wa miaka 25, Robert Menzies, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Korti Kuu ile ile ikageuka. Ilisema maneno ya Katiba yasomwe kama yalivyoandikwa, na serikali ya jimbo ikiajiri watu, sheria ya Serikali Kuu yaweza kuishika kama inavyomshika mwajiri mwingine. Hukumu ya 1906 ikatupwa. Katiba ilikuwa ile ile. Wasomaji ndio waliokuwa wengine, na kesi iliyoletwa mbele yao ilikuwa nyingine. Tena angalieni ni nani aliyefungua mlango wa mtu wa reli. Aliyeufungua ni fundi wa mitambo, aliyekuwa akidai haki yake mwenyewe.

Liko na jambo la pili la kujifunza. Mwaka 1907 mwenye kiwanda cha mashine za kuvunia karibu na Melbourne, H. V. McKay, alikwenda kwa Jaji Higgins wa Korti ya Usuluhishi kutaka asamehewe kodi. Sheria ilisema atasamehewe akiwa analipa mshahara wa haki. Lakini mshahara wa haki ni kiasi gani? Jaji hakuuliza tu kiwanda kina faida gani. Aliuliza mtu anahitaji nini ili aishi kama binadamu pamoja na mke na watoto. Aliwaita wake wa wafanya kazi wakaeleza kodi ya nyumba na bei ya nyama na mkate na kuni. Kisha akakata kwamba asiye fundi asipewe chini ya shilingi 7 kwa siku. Mwaka 1908 Korti Kuu iliiua sheria ile ya kodi, na McKay hakulipa kitu. Hata hivyo kipimo cha shilingi 7 hakikufa. Kilitumika katika hukumu za mishahara kwa miaka mingi.

Tusiifanye korti hiyo kuwa malaika. Kipimo chake kilikuwa cha mwanamume. Mwanamke alipewa zaidi kidogo ya nusu kwa miaka mingi, mwaka 1950 akapandishwa hata robo tatu, na mpaka 1972 ndipo ilipokatwa kwamba kazi ya thamani sawa ilipwe sawa. Na wenyeji wa asili, waliochunga ng'ombe wa matajiri kule kaskazini, walikaa nje kabisa ya mshahara huo. Mwezi wa Machi 1966 ilikatwa kwamba nao walipwe sawa, lakini si mara moja, ila tangu Desemba 1968. Watu wa kabila la Gurindji hawakungoja. Mwezi wa Agosti 1966 waliondoka katika shamba la Wave Hill wakiongozwa na Vincent Lingiari. Na siku ya malipo sawa ilipofika, wengi wa wachungaji hao walifukuzwa kazi.

Tena ile korti iliweza kuwapiga faini vyama vilivyogoma. Mwaka 1956 Korti Kuu ilisema chombo kimoja hakiwezi kupanga mishahara na papo hapo kuadhibu, basi kazi zikagawanywa: tume ipange, na korti ya namna yake iadhibu. Tarehe 15 Mei 1969 korti hiyo ya kuadhibu ilimtia gerezani Clarrie O'Shea, katibu wa chama cha watu wa tramu na mabasi wa Victoria, kwa kukataa kutoa vitabu vya chama. Wafanya kazi kwa mamia ya maelfu waliacha kazi nchi nzima, na baada ya siku chache mtu mmoja akalipa faini na O'Shea akatoka. Adhabu zile hazikuwa na nguvu tena kama zamani. Mgawanyo wa kazi bado uko: leo tume iitwayo Fair Work Commission hupanga kima cha chini kila mwaka, lakini kutoza faini ni kazi ya korti.

Sasa turudi nyumbani. Sisi Kenya tulipata korti yetu ya mambo ya kazi mwaka 1964, na Katiba ya 2010 imeipa cheo sawa na Korti Kuu. Mlango huo uko wazi. Hatusemi kila anayeingia atashinda. Twasema kwamba asiyeingia hasikiwi, na akishindwa leo, hukumu ya leo yaweza kugeuzwa kesho na kesi ya mwingine.

Kwa hivyo rai yetu ni hii. Kesi isiondolewe. Kila mwanachama alete kwa katibu wa tawi risiti za kodi ya nyumba na karatasi za mshahara za mwaka mzima, kwa maana jaji hawezi kuhesabu manung'uniko yetu, lakini risiti aweza kuzihesabu. Akina mama waulizwe bei za sokoni, kwani wao ndio wanaozijua. Mchango wa chama ulipwe, kwa sababu wakili hali hewa. Na ikiwa watu wa bandari au wa viwanda wana kesi yao, twende tukakae nyuma ya korti siku ya kusikizwa, maana hatujui ni ya nani itakayotufungulia.

Umoja ni nguvu.

Sisi ndugu zenu,
Wafanya kazi wa reli, karakana