Kimya cha Asiyeulizwa

Mtu aliyetoka Tanga au Mombasa akahamia England, akapanga chumba, akapata kazi na kumaliza mwaka, sheria ya huko inamhesabu kuwa amekubali kutoa figo, ini, moyo na mapafu yake siku atakapokufa. Hakuna karatasi aliyotia saini. Tangu tarehe 20 Mei 2020, mtu mzima mwenye akili timamu aliyeishi England miezi 12 au zaidi huchukuliwa kuwa ameridhia, ila kama amesema hataki. Wales ilitangulia Desemba 2015, Scotland ikafuata Machi 2021, na Ireland ya Kaskazini Juni 2023. Sidhani kama wengi wa ndugu zetu walioko Leicester na London wanaijua habari hii, na kutojua kwao ndiko kunakonifanya niitilie shaka sheria yenyewe.

Wanaoitetea si watu wa kupuuzwa. Anayesafishwa damu kwa mashine hulazwa hapo saa kama nne, mara tatu kwa wiki, na akikosa zamu mbili tatu maisha yake yamo hatarini. Mwaka 2025 orodha ya wanaosubiri viungo Uingereza ilivuka watu 8,000. Wapo wanaofariki wakingoja, huku figo nzima zikizikwa kila siku. Wengi wakiulizwa husema wangependa kutoa, ila hawafiki mahali pa kujiandikisha: leo kuna kazi, kesho mtoto anaumwa, keshokutwa wamesahau. Kwa hiyo, wanasema watetezi hao, mzigo wa kwenda kujiandikisha abebe asiyetaka.

Mwaka 2003 watafiti Eric Johnson na Daniel Goldstein walichapisha katika jarida la Science takwimu ambazo hadi leo hunukuliwa kila mjadala huu unapoanza. Austria, ambako ukinyamaza umekubali, waliohesabiwa kuridhia walikuwa asilimia 99.98. Ujerumani, ambako ukinyamaza hujakubali, walikuwa asilimia 12. Ni majirani wanaozungumza lugha moja, na hakuna atakayeamini kwamba Waaustria wana huruma mara nane ya wenzao. Wengi huzisoma takwimu hizo kama ushindi wa sheria ya Austria. Mimi naona zinaonyesha tu ni watu wachache kiasi gani hujisumbua kwenda ofisi ya serikali kusema hapana. Ridhaa isiyoweza kutofautishwa na uvivu, au na kutokuwa na habari, haimwambii daktari chochote kuhusu mtu aliyelala mbele yake.

Waislamu wa pwani wanaifahamu sana hoja ya kimya. Mwanamwali akiposwa, walii wake humwendea akamuuliza, na akinyamaza kwa haya, kimya chake ndiyo idhini yake. Lakini lazima aulizwe. Lazima aambiwe anayemposa ni nani, na akitaka kukataa asikike. Walii atakayempelekea kadhi kimya cha binti ambaye hata habari ya posa hajapata kuisikia, amepeleka uongo. Sheria ya ridhaa ya kudhaniwa imeuchukua mwisho wa utaratibu huo na kuuacha mwanzo wake. Dini yenyewe haikufunga mlango: mwaka 1988 Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu, lililokutana Jeddah, liliruhusu viungo vya maiti kupandikizwa kwa aliye hai, kwa sharti kwamba marehemu awe ameidhinisha akiwa hai au warithi wake waidhinishe baada yake.

Mtu atasema: mbona Hispania? Kweli, Hispania inaongoza duniani, na sheria yake ya mwaka 1979 inahesabu kimya kuwa ridhaa. Tatizo la mfano huo ni kalenda. Miaka kumi baada ya sheria kupitishwa, nchi ilikuwa bado inapata wachangiaji waliofariki 14 tu kwa kila watu milioni moja. Mwaka 1989 likaundwa shirika la taifa la upandikizaji chini ya daktari Rafael Matesanz, likaweka waratibu katika hospitali, wengi wao madaktari wa wodi za wagonjwa mahututi, likawafundisha namna ya kukaa na familia iliyofiwa. Mwaka 2023 wachangiaji walikuwa zaidi ya 48 kwa milioni. Sheria haikubadilika, na familia ya Kihispania bado huulizwa. Matesanz mwenyewe, pamoja na madaktari wa Uingereza John Fabre na Paul Murphy, aliandika mwaka 2010 katika jarida la BMJ kwamba ridhaa ya kudhaniwa inawapotezea watu lengo.

England haikusikia. Kabla ya sheria mpya, takriban familia 68 katika kila 100 zilizoulizwa Uingereza zilikuwa zikikubali. Miaka michache baadaye zilikuwa karibu 61. Korona iliharibu mengi, kwa hiyo si haki kuitwisha sheria lawama yote, ila ongezeko lililoahidiwa halikuonekana. Chanzo chake si kigumu kukielewa. Kule pia ndugu huulizwa, na familia inayojua uamuzi wa marehemu hukubali mara tisa katika kumi. Inayoambiwa tu kwamba marehemu hakukataa haina cha kushika. Kaka anabaki anajiuliza: hakukataa kwa sababu alitaka, au hakujua? Wales ilianza vizuri zaidi, na kabla ya sheria kuanza serikali yake ilikuwa imefanya kampeni ya miaka miwili kuwaeleza wananchi. Yaani iliwauliza.

Brazil ilipata somo kali kuliko hilo. Sheria yake ya mwaka 1997 ilimtaka asiyekubali aandikishe kukataa kwake kwenye kitambulisho au leseni ya udereva. Watu wakamiminika kuandika hapana, maskini wakihofu kwamba daktari atawahi kuwatangazia kifo. Kabla mwaka 1998 haujaisha, dhana hiyo ikaondolewa.

Afrika Mashariki haijafika huko, nami naomba isifike. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka wosia, hati yenye mashahidi wawili au tamko mbele ya mashahidi wawili, na kama marehemu hakuacha neno, ndugu wa karibu ndio huamua. Huo ni msingi mzuri. Tena kwetu figo zinazopandikizwa, Muhimbili tangu 2017 na Dodoma tangu 2018, hutolewa na ndugu walio hai. Kiungo cha marehemu mara nyingi hutoka kwa mgonjwa aliyethibitishwa kufa ubongo huku mashine ikimpumulia, na vitanda vya namna hiyo ni vichache hata kwa wenye matumaini ya kupona. Sheria ya kudhani ridhaa leo haingempatia mgonjwa hata figo moja. (Tusijisifu kwa ridhaa ya walio hai pia. Dada aliyekalishwa kikao cha ukoo akaambiwa damu yake ndiyo imelingana na ya kaka yake, nani atasema alikuwa huru kukataa?)

Sheria hiyo ya kudhani isingekosa madhara, hata hivyo. Hofu ya mumiani haijafa, na Aprili 2025 Wizara ya Afya ya Kenya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret kufuatia tuhuma za biashara ya viungo. Mwambie mwananchi aliyesikia habari hizo kwamba serikali imeshadhani amekubali, uone kama atampeleka tena mgonjwa wake hospitali.

Halafu kuna swali la maiti ni ya nani. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alisema mumewe alitaka kuzikwa nje kidogo ya Nairobi; ukoo wa Umira Kager ukamtaka Siaya. Mwili ulikaa bila kuzikwa siku 154, na Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi. Ikiwa maneno yaliyodaiwa kutamkwa na wakili hayakutosha mbele ya ukoo, kimya cha mkulima wa Bondo kitamlinda daktari gani?

Serikali ina nafasi ya kumuuliza kila mtu, na haiitumii. Anapochukua kitambulisho cha taifa, anapohuisha leseni, aulizwe wazi: ndiyo, hapana, au bado sijaamua. Jibu lolote lisimpunguzie haki ya kutibiwa, na aweze kulibadilisha wakati wowote. Kazi hiyo ni ya taratibu na ina gharama, ila jina litakaloandikwa hapo litakuwa la mtu aliyejibu. Nawe unayeishi England, jiandikishe unavyotaka, kukubali au kukataa, kisha mwambie ndugu yako atakayepigiwa simu na hospitali.