Mkanda wa taimingi ukikatika, gari lipimwe kabla hujatoa hela

Simu ya shemeji iliingia saa kumi jioni. Alikuwa anatoka kliniki Bombo kurudi Muheza na dada yangu, mwenye ujauzito wa miezi minane. Walipopita Pongwe, Noah yao ikazima ghafla, bila kugonga wala kutoa moshi. Alijaribu kuwasha mara kadhaa. Stata ikazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, lakini gari halikuwaka.

Kesho yake akapiga tena: "Shemeji, fundi anasema injini imekufa, nitafute nyingine. Nafikiria kugusa ile hela ya kujifungulia."

Mimi naandika habari za afya, si fundi wa magari. Nikamuuliza swali ninalouliza kila ninapokwenda hospitali: "Amepima nini?" Shemeji akanyamaza. Fundi alikuwa amesikiliza stata tu, basi.

Tukatafuta fundi wa pili, mzee mmoja asiye na haraka. Wiki hii nawaletea aliyotufundisha, kwa sababu familia nyingi hapa Tanga zina gari moja tu, na likifa linavuta na ada ya shule.

Mkanda wa taimingi unaunganisha sehemu mbili za injini: chini, krenki inayosukuma pistoni, juu, shafti inayofungua na kufunga valvu. Mkanda ukikatika, valvu zinasimama zilipo, nyingine zikiwa wazi, huku pistoni zikiendelea kupanda. Hapo ndipo magari yanapotofautiana. Injini nyingine zina nafasi ya kutosha, pistoni haigusi valvu. Nyingine hazina nafasi hiyo: pistoni inagonga valvu na kuipinda.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua aina ya injini. Angalia namba ya injini kwenye kadi ya gari. Noah za zamani zenye injini ya 3S za petroli zina nafasi hiyo. Hiace za dizeli zenye 3L, 5L au 2KD hazina. Mkanda ukikatika zikiwa zinakimbia, tarajia madhara. IST na Vitz nyingi zinatumia cheni, si mkanda.

Pili, acha kupiga stata. Stata inazunguka kwa wepesi kwa sababu valvu zilizobaki wazi zinaachia hewa, na kila jaribio linaweza kugongesha valvu ambayo ilikuwa bado salama. Fundi afungue kifuniko cha mkanda aangalie kwa macho.

Tatu, atafute kwa nini umekatika. Pengine ni uzee. Pengine oili imevuja ikalainisha mpira, au rola ya kukazia mkanda imechakaa, au pampu ya maji imekwama. Ukifunga mkanda mpya bila kuondoa chanzo, umetibu homa ukaacha malaria.

Nne, apange alama za taimingi, afunge mkanda, kisha azungushe injini kwa spana, kwa mkono, taratibu, mizunguko miwili kamili ya krenki. Akihisi kizuizi asimame, asilazimishe.

Tano, apime kompresheni kila silinda. Kipimo hiki hakihitaji kufungua injini; geji inaingia kwenye tundu la plagi. Silinda zote zikikaribiana, kuna matumaini makubwa. Moja ikisoma sifuri, asukume hewa ya kompresa ndani yake, pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zikitakiwa kuwa zimefungwa, kisha asikilize. Hewa ikisikika kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi haifungi. Ikisikika upande wa filta ya hewa, ni valvu ya kuingizia. Ikisikika kwenye mfuniko wa oili, tatizo liko kwenye pistoni au ringi zake. Nilipomwona mzee ameinamisha sikio pale, nilimkumbuka daktari na kipimo chake cha kifua.

Baada ya hapo ndipo afungue silinda hedi, kama vipimo vimesema hivyo. Na hata valvu zikiwa zimepinda, mara nyingi hedi inatengenezwa kwa kubadilisha valvu na gasketi. Kununua injini nzima kunakuja mwisho, pale pistoni au kuta za silinda zinapokuwa zimeharibika.

Noah ya shemeji ilikuwa na silinda nne zinazosoma karibu sawa. Kilichouua mkanda ni pampu ya maji iliyokuwa inakwama, na mkanda wenyewe haukuwahi kubadilishwa tangu gari linunuliwe. Vikawekwa mkanda, pampu na rola mpya. Sehemu kubwa ya hela ya kujifungulia ilibaki mahali pake.

Mambo mawili ya kukumbuka, wazazi. Injini ikizima gari likiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito, na breki inakuwa ngumu baada ya kukanyaga mara chache. Kanyaga mara moja kwa nguvu bila kuachia, toka barabarani, weka pembetatu, na watoto washuke wakae mbali na lami.

La pili: mikanda mingi ya Toyota hubadilishwa kila kilomita 100,000, lakini kwa gari lililotumika huwezi kuiamini dashibodi. Kama ulinunua bila kumbukumbu, badilisha sasa. Kisha andika tarehe na kilomita kwenye karatasi, uibandike chini ya boneti, kama tunavyotunza kadi ya kliniki ya mtoto.

Wiki tatu baadaye, saa nane usiku, Noah ileile ilimfikisha dada Bombo. Amejifungua mtoto wa kike.