Vituo Viwili: Mavazi ya Mwanamke na Haki Yake



Kila Ijumaa ya Kwaresima tunaifuata Njia ya Msalaba, na tufikapo Kituo cha Kumi twapiga magoti mbele ya picha ya Bwana akivuliwa nguo. Wapo miongoni mwetu watokwao na machozi hapo. Askari hawakulazimika kumvua ili wamwue, misumari ingetosha. Walimvua ili kumwondolea heshima mbele ya umati, watu wote waone kwamba hana tena wa kumtetea. Ibada ikiisha twatoka nje, na katika kituo kingine, kituo cha basi, tunamkuta binti anayezomewa kwa ajili ya sketi yake. Nasi twapita, tukisema moyoni: kayataka mwenyewe.

Tume yetu inaandika haya kwa kuwa inaona kwamba vituo hivyo viwili havitenganiki. Tunapenda kusema bayana tangu mwanzo: vazi la staha ni jambo jema, nasi hatuji kulipinga. Lakini hakuna mtu aliyepewa ruhusa ya kulidai kwa aibu wala kwa nguvu, awe kijana wa mtaani au kiongozi wa kanisa.

HALI TUIONAYO

Tusianze na mambo ya mbali. Katika parokia moja tunayoifahamu, msichana alifika Misa ya kwanza akitoka moja kwa moja kwenye kazi yake ya usiku, amevaa suruali. Mhudumu wa mlangoni alimzuia mbele ya watu na kumwamuru arudi nyumbani akavae kama mwanamke. Wakati huo huo akaingia kijana wa kiume mwenye fulana yenye tangazo la bia kifuani, naye akapewa kitabu cha nyimbo na kuonyeshwa mahali pa kukaa. Msichana yule hakurudi Jumapili ile, wala Jumapili zilizofuata. Mama yake alipotujia hakulalamika sana. Alitaka tu kujua kama Sakramenti nazo zina sare.

Swali lake limetusumbua. Tumezoea kuhesabu dhambi za mavazi, lakini hatujazoea kuhesabu watu tuliowapoteza mlangoni.

HISTORIA INATUFUNDISHA NINI?

Katika pwani yetu mavazi yamekuwa lugha tangu zamani. Khanga husema kwa jina lake lililoandikwa, na mwanamke huweza kushukuru, kuonya au kujibu matusi pasipo kufungua kinywa. Huko Unguja, wakati wa utumwa, mwanamke mtumwa alijulikana kwa kaniki na merikani, na kujifunika kichwa kama waungwana hakukuwa haki yake. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyofuta utumwa kisheria, wanawake wengi walioachwa huru walianza kuvaa khanga na buibui. Kwao kujifunika kulikuwa tangazo la uhuru. Yule aliyekatazwa kujisitiri sasa alijisitiri kwa hiari yake, na hapana bwana aliyeweza kumwuliza kwa nini.

Sasa tutazame miaka sabini mbele. Mwezi Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudiwa kuanza tarehe 1 Januari 1969 jijini Dar es Salaam, dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kujichubua ngozi na suruali za kubana. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Lakini hata kabla ya tarehe hiyo, vijana huko Kariakoo walikwisha kuwashambulia wanawake kwa sababu ya mavazi yao, wengine wakishushwa kwenye mabasi. Na katika miaka hiyo hiyo, huko Umasaini, mwanamume alishurutishwa kuacha shuka lake na kuvaa suruali, kwa kuwa vazi la mababu zake lilihesabiwa kuwa aibu kwa taifa jipya. Binti wa mjini aliambiwa kuwa amevaa kigeni mno, na Mmasai akaambiwa kuwa amevaa kienyeji mno. Ni dhahiri kwamba jambo lililokuwa likitafutwa halikuwa utamaduni peke yake. Palikuwapo pia kiu ya kuamuru miili ya watu wengine.

Kiu hiyo haijakatika. Mwezi Novemba 2014, majirani zetu wa Nairobi waliona picha za wanawake wakivuliwa nguo hadharani na makundi ya wanaume. Tarehe 17 ya mwezi huo, mamia ya watu, wanawake kwa wanaume, waliandamana mjini wakidai kwamba vazi la mwanamke ni uamuzi wake mwenyewe. Mwaka 2017 mahakama ya huko iliwahukumu wanaume watatu kwa kumvua nguo na kumnyang'anya mali mwanamke ndani ya basi. Hukumu ilikuwa kifo, adhabu ambayo sisi kama Wakatoliki hatuwezi kuiunga mkono. Hata hivyo kesi hiyo ilisema ukweli mmoja waziwazi: waliofanya hayo hawakuwa walinzi wa maadili, walikuwa wanyang'anyi. Nchini Uganda nako, sheria dhidi ya ponografia ya mwaka 2014 ilichukuliwa na watu wa mitaani kuwa kibali cha kuwadhalilisha wanawake, na mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu vyake vikuu.

Tukiyaweka mambo haya pamoja, twaona kwamba urefu wa nguo hauwezi kutuambia peke yake kama mwanamke anaheshimiwa. Wanawake wa Unguja walijifunika wakawa huru. Inatupasa tuulize kwanza: ni nani anayeamuru, na anaamuru kwa njia gani?

NENO LA MUNGU LASEMAJE?

Wenye kuwafukuza wanawake wenye suruali hutaja Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 5, inayokataza mwanamke kuvaa vazi la mwanamume na mwanamume kuvaa la mwanamke. Tuisome kwa uaminifu. Katika Israeli ya kale hapakuwa na suruali ya mwanamume na gauni la mwanamke kama tunavyozijua. Wote walivaa kanzu na joho, zikitofautiana kwa namna na mapambo. Kipi ni cha kiume na kipi ni cha kike ni jambo linaloafikiwa na watu wa mahali fulani na wakati fulani. Padre wetu husimama altareni katika kanzu ndefu nyeupe, na Mwislamu jirani yetu huenda msikitini katika kanzu yake, wala hapana anayedhani kuwa wamevaa kike. Sura hiyo hiyo, aya sita mbele, inakataza nguo iliyofumwa kwa sufu na kitani pamoja. Hatujaona bado mtu aliyezuiwa mlangoni kwa kosa hilo.

Kanisa lenyewe limewahi kulia kwa sababu ya jambo hili. Mtakatifu Yoana wa Arc, msichana wa miaka kumi na tisa hivi, alichomwa moto mjini Rouen tarehe 30 Mei 1431 kwa hukumu ya mahakama iliyoongozwa na askofu, na kuvaa nguo za kiume kulikuwa miongoni mwa mambo aliyoshtakiwa. Kesi yake iliposikilizwa upya, mashahidi walieleza kwamba gerezani alivaa hivyo ili kujikinga na askari waliomlinda. Mwaka 1456 hukumu ile ilitenguliwa, na mwaka 1920 Papa Benedikto XV alimtangaza kuwa mtakatifu. Vazi lililomponza lilikuwa ngao ya usafi wake, na waamuzi hawakulitambua.

Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, nao hutajwa mara nyingi. Tuufungue tuone unakemea nini: dhahabu, lulu na nguo za gharama kubwa. Mtume anasema juu ya fahari inayomwumiza maskini. Basi tujiulize juu ya vitenge vya sare tunavyovidai kila jubilei na kila sikukuu ya somo, hata mjane asiye na fedha huona afadhali abaki nyumbani kuliko kuonekana peke yake katika gauni la zamani. Mtakatifu Yakobo, sura ya 2, anatuonya tusimkweze mwenye vazi zuri na kumdharau mwenye vazi chakavu. Hilo nalo ni suala la haki.

Na je, kama mtu kweli amekosa staha? Kitabu cha Mwanzo kinatupa jibu katika sura ya 9. Nuhu alilewa akalala uchi, tena kwa kosa lake mwenyewe. Mwana mmoja alimtazama akatoka kwenda kusimulia. Wawili walitwaa nguo, wakaenda kinyumenyume wasimwone baba yao, wakamfunika. Waliobarikiwa ni wale waliofunika. Hata Mungu, baada ya dhambi ya kwanza, aliwatengenezea Adamu na mkewe mavazi ya ngozi, wote wawili, kabla ya kuwatoa bustanini. Tangu mwanzo Mungu wetu ni mwenye kuvika. Kazi ya kuvua aliwaachia askari wa Pilato.

Naye Bwana wetu, aliposema juu ya macho yenye tamaa katika Matayo, sura ya 5, alilibebesha jicho la mtazamaji mzigo huo. Hakumwamuru mwanamke ajifiche. Alimwambia mwanamume ashughulike na jicho lake. Kwa hiyo wanaosema kwamba aliyebakwa alijitakia kwa vazi lake wanasema kinyume cha Injili. Tena wanasema uongo, kwani watoto wa chekechea hubakwa, na bibi vizee hubakwa. Hao walivaa nini?

JUU YA NENO "UFEMINISTI"

Wapo viongozi wetu wanaoliogopa neno hili kama vile ni homa iliyotoka Ulaya. Tunawaomba wasome barua za Kanisa lao. Papa Yohane Paulo II aliandika juu ya hadhi ya mwanamke mwaka 1988. Mwaka 1995 aliwaandikia wanawake wote wa dunia barua ambamo alisikitikia sehemu ya wana wa Kanisa katika kuwakandamiza. Na katika waraka wake wa mwaka huo huo juu ya Injili ya Uhai, aliwaalika wanawake wajenge ufeministi mpya, usioiga ubabe wa wanaume. Hatusemi kwamba kila anayejiita mfeministi anakubaliana na Kanisa katika kila jambo. Tunasema kwamba anayedai mwanamke asipigwe, asivuliwe nguo, asinyimwe urithi wala sauti, anadai jambo ambalo Kanisa nalo hulidai.

Ukike ni zawadi ya Mungu, na mwanamke huudhihirisha kwa namna nyingi: kwa khanga, kwa gauni, kwa shela la mtawa, kwa koti jeupe la daktari, kwa ovaroli ya fundi wa magari. Zawadi hiyo haikushonwa katika pindo la sketi hata ipotee pindo likipanda. Mama anayelima kwa suruali ya marehemu mumewe ili alishe wanawe hajapunguza hata chembe ya ukike wake.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mtu yeyote asizuiwe mlangoni mwa kanisa kwa sababu ya vazi. Ikiwa lipo la kusema, lisemwe baadaye, faraghani, na mama mwenye hekima, kwa upole wa Shemu na Yafethi. Khanga za kuazima zikiwekwa mlangoni, ziwe za mwenye kuzihitaji na kuziomba, zisiwe alama ya kumtia mtu aibu.

Pili, mafundisho ya staha yatolewe kwa vijana wote, wa kike na wa kiume. Kijana wa kiume afundishwe kutawala macho, ulimi na mikono yake. Halmashauri ya walei isiwe na kanuni ya mavazi inayowataja wanawake peke yao.

Tatu, anayemshika au kumvua mwanamke nguo kwa nguvu ametenda kosa la jinai. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliwekwa kwa ajili ya kuwalinda watu dhidi ya udhalilishaji wa namna hiyo. Jumuiya zetu zimsindikize mwathirika hadi polisi na hospitali, wala zisimalize mambo kwa mbuzi mmoja na maneno ya wazee.

Nne, tuwe Waveronika. Ukiona binti anazongwa kituoni, usipite. Simama karibu naye, mvishe koti lako au khanga yako, mwite mwanangu, na umwondoe pale.

Na yule msichana wa suruali? Viongozi wa parokia ile wameshauriwa wamfuate nyumbani kwao na kumwomba radhi. Tunawaombea wawe na ujasiri wa kwenda, maana ni vigumu zaidi kubisha hodi kwa mtu uliyemfukuza kuliko kumfukuza. Kwaresima ijayo, tupigapo magoti katika Kituo cha Kumi, Mungu atujalie tuweze kumtazama Bwana usoni.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Je, yupo mtu katika Jumuiya yetu aliyeacha kuja kanisani kwa kuaibishwa kwa ajili ya mavazi, au kwa kukosa sare? Nani atamfuata?

2. Wavulana wetu wanafundishwa nini, nyumbani na kanisani, juu ya heshima kwa wanawake?

3. Tukimwona mwanamke anadhalilishwa njiani, tumekubaliana kufanya nini?